Ampu ya vali haina ukali: punguza besi kabla hujaongeza gaini

Mkuu, nimekuelewa. Una ampu ya gitaa ya wati 100 inayotumia vali, yaani balbu za kioo za kukuza sauti, saketi yake ni ya mtindo wa Marshall JCM800, ampu ya roki, gitaa umeshusha uzi mnene hadi D, gaini (kiasi cha ukuzaji) iko mwisho, lakini riffu (vipande vya kujirudia) hazing'ati. Unafikiria kutoboa chasisi uongeze vali ya ziada ya gaini. Kabla hujashika drili, naomba unisikilize, maana ampu za namna hii nimezifungua nyingi, zangu na za wapigaji wenzangu, na mara nyingi anayelalamikia gaini tatizo lake huwa ni besi.

Uzi wa E wa chini uko kwenye hezi 82, na ukiushusha hadi D unafika 73. Mawimbi hayo ndiyo yenye nguvu kubwa kuliko yote yanayotoka kwenye pikapu. Yakiingia mazima kwenye vali ambayo tayari imelemewa, yanaikalia: sauti za kati na za juu, zile zinazobeba makali ya kipigo, zinamezwa na unabaki na tope. Ukiongeza gaini juu ya hapo, unaongeza tope. Sauti kali inapatikana kwa kukata besi mapema, kabla disto (mkwaruzo wa vali iliyolemewa) haijaanza, halafu kuirudisha mwishoni kwenye pawa, sehemu inayoendesha spika.

Unaweza kulihakiki hilo leo bila kufungua skrubu hata moja. Azima pedali ya ovadraivu ya aina ya Tube Screamer, weka gaini yake sifuri na levo juu, uichomeke mbele ya ampu. Pedali ile inakuza zaidi sauti zilizo juu ya hezi 720 hivi, na zilizo chini yake inazikuza kidogo kidogo kadiri zinavyoshuka. Ukisikia ampu imekaza na vipigo vimeanza kutengana, basi jibu unalo, na kazi iliyobaki ni kulihamishia ndani ya ampu.

Sasa usalama, na hapa uwe makini kweli. Kapasita za filta zinabeba volti 400 hadi 500, na zinaweza kukaa na chaji hiyo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Funga klipu ya waya kwenye chasisi, upande wa pili weka rezista ya 10k (ohmu 10,000) ya wati 5, gusa kila kapasita ya filta kwa sekunde kadhaa, kisha pima kwa mita. Usiweke kidole mpaka mita ionyeshe chini ya volti 10. Ukilazimika kupima ampu ikiwa imewashwa, tumia mkono mmoja, mwingine uweke mfukoni. Na usiiwashe kamwe bila spika au mzigo wa ohmu sahihi, utaua transfoma ya kutolea sauti. Kama hujawahi kufanya kazi kwenye volti za namna hii, mpelekee fundi wa vali na umwonyeshe maelezo haya.

Anza na kapasita ya kuunganisha, ile inayotoa sauti kwenye anodi (mguu wa vali wa kutolea sauti) ya hatua ya kwanza ya ukuzaji kuipeleka hatua ya pili. Kwenye ampu nyingi za ukoo huu ni 22nF. Ikikutana na mzigo wa karibu 1M (ohmu milioni moja), inapitisha kila kitu hadi hezi 7, yaani chini kabisa ya sauti yoyote ya gitaa. Ukiweka 2.2nF, mpaka unapanda hadi hezi 72. Ukiweka 1nF, unafika karibu hezi 160.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaitaji sana. Vali ikipigwa kwa nguvu, gridi yake (mguu wa kuingizia sauti) inavuta mkondo na kuichaji ile kapasita. Baada ya kipigo, vali inabaki imezibwa mpaka chaji iishe kupitia rezista. Kwa 22nF na 1M muda huo unazunguka milisekunde 22, kwa 2.2nF unashuka hadi 2.2. Ndiyo maana ukinyamazisha uzi kwa kiganja na kupiga haraka haraka, kapasita kubwa inatoa mkoromo mmoja mrefu, na ndogo inakupa "dug-dug-dug" iliyokatika safi, kila kipigo na mwanzo wake. Hapo ndipo ninapousikia ukali. Mimi huishia kwenye 2.2nF kwa gitaa la tuni ya kawaida na hata la D. Nikienda 1nF mara nyingi napoteza nyama ya sauti kwenye solo. Chagua kapasita ya volti 630, au 400 ikiwa umepima na una uhakika na volti za mahali hapo.

Kapasita ya kathodi (mguu wa tatu wa vali) ya hatua ya kwanza inafuata. Ukikuta 22µF au 25µF, weka 0.68µF na rezista ya 2.7k kama Marshall wanavyofanya. Gaini kamili itaanza kwenye hezi mia mbili na kitu, chini ya hapo inapungua taratibu. Kama tayari ni 0.68, iache.

Kinobu cha gaini huwa na kapasita ya 1nF juu yake ya kung'arisha. Gaini ikiwa mwisho haifanyi kitu, lakini ikiwa katikati inachoma masikio. Weka 220pF, au nyanyua mguu wake mmoja usikilize.

Tuje kwenye hatua ya pili, maana ndiyo roho ya sauti ya JCM800. Kathodi yake ina rezista ya 10k bila kapasita. Vali inakaa karibu na kuzima, kwa hiyo upande mmoja wa wimbi unakatwa mapema kuliko mwingine, na hapo ndipo unapotoka ule mkwaruzo. Ampu ya Soldano SLO-100 ya mwaka 1987 ilipanda hadi 39k, na Peavey 5150 ya 1992 ikafuata njia hiyo. Wengi wanaisoma habari hii na kubadilisha rezista moja tu, kisha wanashangaa ampu imepoa. Hesabu iko wazi: kwa 12AX7 (vali ndogo ya hatua za mwanzo) yenye rezista ya anodi ya 100k, hatua hiyo ikiwa na 10k inakuza mara 8 hivi, ikiwa na 39k haifiki mara 3. Soldano na Peavey wana hatua nyingine za kufidia, wewe huna. Kwa saketi yako jaribu 15k, isizidi 22k.

Hapo ndipo vali yako ya ziada inapopata maana. Ukishakaza besi na bado unataka zaidi, ongeza hatua kabla ya ile ya baridi, yaani ile ya pili inayokaa karibu na kuzima, halafu ipandishe hiyo ya baridi hadi 39k. Hatua mpya ipe filta yake kwenye laini ya umeme mkubwa. Waya wa gridi uwe wa kukingwa, na rezista ya gridi ilehemu kwenye pini yenyewe ya soketi. Ukipuuza hayo, ampu itapiga mluzi kabla hujagusa gitaa.

Besi uliyoikata irudishe kwenye pawa. Kwenye njia ya mrejesho hasi, inayorudisha sehemu ya sauti ya spika nyuma kuidhibiti pawa, mfululizo na rezista iliyopo, ongeza potensiometa (kinobu) ya 1M yenye kapasita ya 4.7nF sambamba nayo. Ukiifungua, mrejesho wa sauti za chini unapungua na kabineti inaanza kusukuma hewa, huku disto ikibaki imekaza kwa sababu besi hii imeingia baada yake. Kati ya kazi zote za ndani ya ampu, hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mid, yaani sauti za kati, usiipunguze sana. Ukiwa peke yako inapendeza, ila mpiga ngoma na mpiga besi wakiingia, gitaa linatoweka.

Ukibadilisha vali za pawa, pima bayasi (mkondo wa vali ikiwa kimya) upya. EL34, vali ya pawa, ina kikomo cha wati 25 kwenye anodi, na asilimia 70 yake kwa volti 450 ni miliampea 39 kwa kila vali. Spika nazo usizisahau: kutoka Celestion G12T-75 kwenda Vintage 30 mid ya juu inajitokeza kuliko kapasita yoyote utakayobadilisha.

Niwekee picha ya bodi, thamani za rezista za kathodi kwenye hatua tatu za mwanzo, na volti za anodi kama una mita na unajua kuitumia salama. Nikiziona nitakuambia kapasita ipi uitoe kwanza.