Kujaribia hatua za gemu: Blender au Godot?

Salaam, ndugu. Umeuliza ujengee wapi hatua za majaribio za gemu yako ya 3D ya kurukaruka, kwa kuwa kila ukisogeza ukuta ndani ya Blender (programu ya kuchonga maumbo ya 3D) hulazimika kuhamisha faili upya ndipo uingie kucheza.

Mimi ningejenga ndani ya Godot 4 yenyewe, yaani programu ya kutengenezea gemu. Kwanza angalia kama kadi yako ya picha inakubali Vulkan (mfumo wa kuchora picha kwenye skrini); isipokubali, chagua Compatibility unapoanzisha mradi, kwani hiyo hutumia OpenGL, mfumo wa zamani zaidi. Weka masanduku ya CSGBox3D (maumbo rahisi ya Godot ya kujengea kuta na sakafu), washa Use Collision (bila hiyo mhusika hupenya sakafu na kudondoka), kisha bonyeza F6 ucheze papo hapo. Nilipopima mruko wa mhusika wangu nikaona unafika mita 3, nilipunguza mapengo yote hadi mita 2.5, na hatua iliyokuwa ikinichosha ikachezeka. Blender isubiri mpangilio utulie.