Siku Kumi za Kwanza Bila Wanga: Huenda Ulichokosa ni Chumvi

Jumatatu asubuhi, nikiwa bado kwenye foleni ya feri upande wa Likoni, nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja anayeishi Tudor. Aliandika hivi: "Dada, leo ni siku ya tatu tangu niache wali na mkate. Kichwa kinanigonga, miguu haina nguvu, na mume wangu anasema nimekuwa mkali kama pilipili. Nikivumilia yatapita, au nirudie mahamri yangu?" Nilicheka kidogo, kisha nikamhurumia, kwa kuwa swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe miaka miwili iliyopita na sikupata wa kunijibu.

Ujumbe wake ulinijia wakati mzuri, kwani Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimehudhuria harusi huko Majengo nikiwa nimevaa gauni ambalo kwa muda mrefu lilikuwa limening'inia kabatini kama deni. Sitaki kujifanya mnyenyekevu. Nimetoka kilo 94 hadi kilo 81, na nilipoingia ukumbini nilihakikisha kwamba nimepita mbele ya wifi yangu mara mbili.

Wifi huyo ndiye chanzo cha yote. Miaka miwili iliyopita tulikwenda pamoja kwa fundi wetu wa Mji wa Kale kupimwa nguo za harusi nyingine, na fundi aliponizungushia futi kiunoni alisita, akaipima tena, kisha akasema kwa adabu kwamba kitambaa hakitatosha, tuongeze yadi moja. Wifi yangu akadakia: "Ongeza mbili, fundi, huyu bado anaendelea." Wanawake wote waliokuwamo dukani walicheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu sikuwa na la kufanya. Najua wewe unayesoma makala haya una fundi wako na wifi yako, na una gauni lako kabatini, la sivyo usingefika mpaka hapa.

Siku ya pili yake nilianza mlo wa kupunguza wanga bila kumwuliza mtu. Niliondoa wali, chapati, mahamri, viazi, mihogo na sukari ya chai. Kosa langu halikuwa hapo. Kosa ni kwamba, kwa hasira niliyokuwa nayo, niliondoa pia mafuta, na kwa kuwa mama yangu ana presha na nyumbani kwetu chumvi inaogopwa kama sumu, nikaiondoa na chumvi. Nikawa ninakula mchicha wa kuchemsha na kipande cha samaki changu kilichochomwa bila kitu, nikinywa maji mengi mno nikidhani ninajisafisha mwili.

Siku ya tatu, mwezi wa Machi, joto la Mombasa likiwa lile la kumfanya mtu atokwe jasho akiwa amekaa tu, nilipanda feri ya saa moja na nusu kwenda kazini kisiwani. Nilikuwa nimesimama katikati ya watu na mikokoteni, bati la sakafu likitetemeka chini ya miguu yangu, na nilipoinamia mkoba wangu kutafuta simu, kisha nikainuka, dunia nzima ikawa nyeusi kuanzia pembeni. Nilishika bega la mzee mmoja aliyekuwa amebeba kapu la ndimu. Aliniketisha juu ya gunia la mtu, akakata ndimu moja kwa kisu chake, akaniambia niinyonye. Mpaka leo nikisikia harufu ya ndimu ninaikumbuka ile sakafu.

Waliniteremsha, nikapelekwa zahanati moja ya jirani, nikapimwa malaria, sikuwa nayo, nikatundikiwa dripu na kuambiwa kwamba ni uchovu. Nililipa pesa nyingi kwa neno hilo moja, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimekula nini siku tatu zile. Jambo hilo bado linaniudhi. Jioni nilikula sahani mbili za wali wa nazi kwa mchuzi wa kamba, nikajihisi mzima, nikaamua kwamba mwili wangu haukubali mlo huo. Jaribio la pili lilidumu siku nne na halistahili zaidi ya sentensi hii.

Aliyenifungua macho ni shangazi yangu, muuguzi mstaafu, mwanamke wa maneno machache. Nilimwendea mwaka huu mwanzoni mwa jaribio la tatu, siku ya pili, kichwa kikiwa kimeshaanza. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanifunga mkono kwa kipimo chake cha presha, akaona imeshuka, akaniuliza swali ambalo zahanati haikuniuliza. Nilipomweleza alitikisa kichwa, akasema: "Huna njaa wewe, mwanangu. Umekauka." Akaingia jikoni akatoka na bakuli la mchuzi wa kichwa cha kolekole, wenye ndimu, bizari na chumvi ya kutosha, akanisimamia mpaka nikaumaliza. Haikupita saa moja kichwa kikaacha.

Aliyonieleza jioni ile, na ambayo baadaye niliyasoma kwa utulivu, ni haya. Wanga tunaokula na tusioutumia papo hapo huwekwa akiba ndani ya ini na misuli kwa umbo liitwalo glaikojeni, na akiba hiyo kwa mtu mzima hufikia gramu 500 hivi. Kila gramu moja huhifadhiwa pamoja na maji ya takriban gramu 3. Ukiacha wanga, akiba hiyo huliwa ndani ya siku chache na maji yake hutoka. Wakati huohuo insulini, homoni inayosimamia sukari ya damu, hushuka mwilini, na insulini ikishuka figo huacha kuishikilia chumvi, huitoa kwa mkojo. Kwa hivyo mtu wa siku ya tatu anapoteza maji na chumvi kwa pamoja, na mtu wa siku ya tatu aliyeko Mombasa mwezi wa Machi anaipoteza chumvi hiyohiyo mara ya pili kwa jasho. Akinywa maji matupu lita kwa lita, kama nilivyofanya mimi, anazidi kuizimua ile kidogo iliyobaki. Kichwa kuuma, kizunguzungu ukisimama ghafla, moyo kwenda mbio na misuli ya miguu kukaza usiku kwa kiasi kikubwa hutokana na hayo, na sisi tunayaita njaa.

Vilevile ieleweke kwamba kilo 3 nilizopungua wiki ya kwanza, ambazo nilizitangaza kwa kila mtu ofisini, nyingi zilikuwa maji. Usitangaze. Mafuta yenyewe huondoka taratibu baadaye, na wiki ya tatu mizani ikisimama utajiona umerogwa kumbe ndio kwanza kazi inaanza.

Basi jibu langu kwa dada wa Tudor ni chumvi. Mimi hunywa vikombe viwili vya mchuzi wa samaki au wa mifupa kwa siku katika siku kumi za mwanzo, kimoja saa nne asubuhi na kimoja alasiri, na siku nisizopata nafasi ya kupika hununua supu ya pweza jioni njiani, ambayo kwetu sisi watu wa pwani ni zawadi tusiyoijua thamani. Maji nayo hunywa kwa kiu. Ukihisi kichwa kinakuja, usikimbilie dawa wala mahamri kabla ya kunywa mchuzi. Nimeshalisema na nitalirudia.

La pili ni kushiba. Mtu aliyeondoa wanga na mafuta kwa pamoja hana cha kumwashia moto, na atakuwa mkali kwelikweli. Mimi niliacha wali lakini sikuacha tui. Kuku wa kupaka, samaki wa nazi, mabamia, biringani za kukaanga, mayai na mishkaki isiyo na mkate vyote vilibaki mezani kwangu. Ubongo hutumia takriban gramu 120 za glukosi, yaani sukari itokanayo na wanga, kwa siku ukiwa umezoea wanga, na usipoupata huchukua siku kadhaa kujifunza kutumia ketoni ambazo ini huzitengeneza kwa mafuta. Siku hizo ndizo za uzito wa kichwa na kusahau ulichokwenda kuchukua jikoni. Kinywa nacho hutoa harufu kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kwa sababu mojawapo ya ketoni hizo ni asetoni. Mume wangu alilalamika, nikamwambia avumilie kama nilivyovumilia sigara zake.

Mitego ya mji huu ni mingi, nami nitataja iliyonikamata. Mbaazi za nazi zilinidanganya wiki nzima, kwani nilizihesabu kuwa mboga, kumbe mbaazi zilizopikwa zina wanga zaidi ya gramu 20 katika kila gramu 100, na mimi nilikuwa nimejiwekea gramu 50 kwa siku nzima. Dafu, ambalo niliambiwa lingenirudishia chumvi, kwa glasi moja lina sukari ya gramu 9 hivi. Si nyingi, ila mimi nilikuwa nikinywa madafu matatu. Maji ya miwa sina haja ya kuyasema. Kahawa tungu ya kwenye dele ilinifaa sana, mradi nisishike halua inayoandamana nayo.

Lakini mtego mkubwa kuliko yote ni watu. Hapa kwetu chakula ni heshima, na anayekataa sahani hudhaniwa ana kinyongo na mwenye nyumba. Siku ya tisa, nikiwa nimeshavuka shida yote na mwili umekuwa mwepesi, jirani yangu aliniletea kaimati za moto zilizofunikwa kwa kawa, akasimama mlangoni akingoja nionje. Nilionja moja kwa adabu, nikala sita kwa tamaa, na siku mbili zilizofuata nikarudi kwenye kichwa na uchovu ule wa mwanzo. Sikumlaumu jirani. Nilijilaumu mimi kwa kutomwambia mapema, kwani baadaye nilipomweleza aliniletea vipande vya papa wa kukaanga na mambo yakaisha hapo. Sema mapema, sema kwa upole, wala usiseme kwamba unapunguza mwili, maana hapo kila mtu atageuka daktari. Mimi husema tumbo langu halitaki unga siku hizi, na wazee huelewa tumbo kuliko wanavyoelewa mizani.

Kaka yangu aliniambia kwamba huu ni mtindo wa vijana wa simu. Nilimjibu kwamba mwaka 1863 mtu mmoja wa London aitwaye William Banting, ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia mazishi, alichapisha maelezo ya namna alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari na viazi kwa ushauri wa daktari wake, na jina lake likashika kiasi kwamba Waswidi mpaka leo wakitaka kusema kujinyima ili kupungua husema "banta". Hakunijibu.

Hata hivyo sitamdanganya msomaji kwamba njia ni hii tu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuata watu wazima 609 kwa miezi 12, wengine wakipunguza wanga na wengine wakipunguza mafuta, na upungufu wa uzito wa makundi hayo mawili haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Mimi nimechagua hii kwa kuwa tui na samaki siwezi kuviacha, na wali niliweza. Kama wewe ni kinyume changu, chagua kinyume changu, lakini usianze leo ukaacha kesho kisha ukasema mwili haukubali. Wengi wetu hatukushindwa na mlo, tulishindwa na siku ya tatu, na tulishindwa kwa sababu tulianza kwa hasira badala ya kuanza kwa kujua.

Na hapa ninaomba nisikilizwe kwa makini kuliko pengine pote. Mchuzi wa chumvi ninaousifu haumfai mama yangu, mwenye presha, wala mtu mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asiondoe wanga kabla ya kumwona daktari wake, kwa sababu dozi aliyopangiwa akiwa anakula wali inaweza kumshushia sukari hadi azimie, na baadhi ya dawa za kisukari zinaweza kuleta tindikali ya hatari katika damu mtu akila namna hii. Dawa za presha nazo huenda zikahitaji kupunguzwa. Mjamzito na anayenyonyesha asijaribu bila ushauri wa daktari. Kutapika kusikokoma, kuchanganyikiwa au kifua kubana si mambo ya kusubiri mchuzi. Nenda hospitali, na usisubiri waulize, waambie wewe mwenyewe umekula nini na umeacha nini.

Dada wa Tudor, ambaye nilimwuliza kwanza kama ana presha au kisukari na akasema hana, aliniandikia tena jana usiku. Amekunywa mchuzi wa tasi siku mbili mfululizo, kichwa kimeacha, mume amesamehewa. Sasa wasiwasi wake ni mama mkwe, anayekuja Ijumaa kutoka Kisauni na kapu la mahamri aliyoyapika kwa mikono yake. Nimemwambia alipokee kapu kwa mikono miwili, amketishe mama, ammiminie chai, amkatie hamri la kwanza yeye mwenyewe mama mkwe, na yanayobaki yawangoje watoto watokapo chuoni. Na kabla ya mama kugonga mlango, yeye awe ameshakula samaki wake akashiba.