Timu ya wenyeji tu? Kwanza tukubaliane mwenyeji ni nani

Kuna aliyeuliza kwa nini Mombasa tusiwe na klabu ya vijana wa hapa peke yao, kama Athletic Bilbao, klabu ya Uhispania inayochezesha watu wa kwao tu. Mie niliwahi kuwa katibu wa timu ya mtaa Majengo iliyokuwa na sheria hiyo, na niliiandika kwa mkono wangu: "Mchezaji awe mzaliwa wa mtaa."

Msimu mmoja kipa wetu akavunjika kidole. Palikuwa na kijana aliyezaliwa Kisii, akaletwa Majengo hata kusema hajajua. Mpira kaujulia Tononoka, peku, na hao hao wanetu. Mamake akiuza mbaazi na mahamri mkabala na kibaraza tulichokuwa tukikalia. Kamati tukamaliza birika mbili za kahawa tungu, mzee mmoja kashikilia: "Huyo wa bara." Nikaandika "amekataliwa." Mwezi haukwisha, kijana kasimama langoni mwa timu ya Kisauni na kutupangulia penalti mbili. Mamake hakusema kitu. Ila hamri la nyongeza sikuliona tena.

Sasa hao Bilbao mnaowasifu. Kwao mtu si lazima awe mzaliwa. Akiwa amelelewa kisoka ndani ya nchi ya Wabaski, iliyo kaskazini mwa Uhispania na kipande cha Ufaransa, yatosha. Iñaki Williams na nduguye Nico wazazi wao ni Waghana waliovuka Sahara. Iñaki achezea Ghana, Nico Uhispania, na wote wawili walikuwemo mwaka 2024 klabu ilipotwaa Kombe la Mfalme baada ya kulingoja miaka 40. Beki Laporte kazaliwa Ufaransa, akapitia Bayonne, mji wa Wabaski upande wa Ufaransa; 2018 wakamuuza Manchester City kwa euro milioni 65 hivi. Kwa sheria yetu ya Majengo, Laporte tungemrudisha mlangoni.

Tena wao wana Lezama, kituo cha vijana kilichofunguliwa 1971. Sisi tulikuwa na mipira mitatu, mmoja ukivuja pumzi. Timu ya watoto hatukuwa nayo kabisa, twangoja tu mtaa uzae straika!

Jirani zao Real Sociedad walishikilia hivyo hivyo hadi 1989, wakamsajili John Aldridge kutoka Liverpool. Na Celtic ya Scotland iliyobeba Kombe la Ulaya 1967, wachezaji wote walizaliwa kama kilomita 50 kutoka uwanja wao, yaani mwendo wa Nyali hadi Kilifi. Hao hawakuwa na sheria ya kufukuza mtu, walikuwa na vijana tu. Hata hapa kwetu Mombasa, klabu ya Feisal ilichukua ligi ya Kenya 1965.

Kwa hivyo anayetaka kuanzisha, aanze na watoto wa miaka 8 na 9, atafute mwalimu na mipira 20, hiyo sheria aiwache kwanza. Yule kijana sasa afunza makipa wadogo huko huko Kisauni. Wangu wa mwisho nimempeleka kwake, na hakuniuliza amezaliwa wapi.