Chumba kidogo, spika za rafuni: wufa ya inchi 5 au 6 na nusu?

Mkuu, umeuliza kati ya spika za rafuni zenye wufa (ile koni kubwa inayotoa besi) ya inchi 5 na zile za inchi 6 na nusu uchukue zipi kwa chumba cha mita 3 kwa 3.5, na kama sabufa, yaani spika ya pembeni ya besi ya chini tu, italazimika. Chumba changu kinalingana na chako karibu kila kitu, na nilishakosea humohumo kabla yako, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa kirefu.

Jibu la haraka: chukua inchi 5. Ukipata zenye boksi lililozibwa pande zote, lisilo na tundu la hewa, vizuri zaidi. Sasa nikueleze kwa nini.

Mimi nilianza na inchi 6 na nusu. Mawazo yalikuwa yaleyale ya wengi wetu: wufa kubwa, besi ya kutosha, hela haijapotea. Tundu la hewa lilikuwa nyuma ya boksi. Nikazipandisha juu ya kabati la vitabu, mgongo umegusa ukuta, na kiti changu nacho nikakiegemeza ukuta wa pili. Siku ya kwanza nilifurahi kupita kiasi, besi inagonga kifuani. Wiki ya pili nikaanza kuchoka na sijui kinachonichosha ni nini. Nyimbo zinabadilika, besi ni ileile.

Mdogo wangu anapiga gitaa la besi, na ndiye aliyegundua. Alikaa kwenye kile kiti dakika chache, akaniambia, "Kaka, humu kuna G peke yake. Noti nyingine umezificha wapi?" Nikadhani utani. Akalichomeka gitaa lake kwenye mtambo, akaanza kupiga noti mojamoja kwenye uzi mnene kuliko zote: E, F, kisha G. Mbili za kwanza zilitoka kawaida tu. Alipofika G, mlango wa kabati ukaanza kulia na kioo cha dirisha kikaitikia. Akapanda hadi A, chumba kikanyamaza. Kidole kilekile, nguvu ileile.

Hesabu yake ni nyepesi. Sauti hewani husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Zigawe kwa urefu wa chumba mara mbili: 343 kwa 7 ni 49. Na G ya chini kwenye gitaa la besi ni 49 Hz, yaani mitetemo 49 kwa sekunde. Kila noti hiyo ilipopigwa, kuta mbili zilirushiana mpaka ikavimba. Upana wa mita 3 unavimbisha 57 Hz, na dari ya mita 2.6 inavimbisha 66 Hz. Noti zinazoangukia pembeni ya namba hizo zinabaki zimenyauka, ndiyo maana besi yote ilionekana ni noti moja. Vilevile, mvimbo wa namna hii huwa mkali zaidi ukutani na hufifia kabisa katikati ya chumba. Spika zangu zilikuwa ukutani. Kichwa changu kilikuwa ukutani. Nilijipangia mwenyewe.

Sikukimbilia kuuza. Kwanza nilivuta kiti hadi katikati, G ikatoweka kabisa, nikawa nimehama tatizo moja kwenda jingine. Nikarudi nyuma kidogo kidogo huku mdogo wangu anarudia mistari ileile, tukatulia mahali kichwa kipo kama mita 1.3 kutoka ukuta wa nyuma. Ni kama asilimia 38 ya urefu wa chumba, kipimo ambacho wapenda muziki wengi huanzia. Halafu nikaziba matundu kwa soksi, jozi safi, kila tundu soksi moja. Usicheke, inafanya kazi. Boksi lenye tundu hutoa besi nyingi hadi kiwango fulani, kisha huporomoka ghafla, kama desibeli 24 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila oktavu, yaani kila Hz zinapopungua nusu. Lililozibwa huanza kushuka mapema lakini polepole, kama desibeli 12. Katika chumba kidogo kuta zenyewe zinaongeza besi ya chini, na ule mteremko wa polepole unakutana na nyongeza hiyo vizuri. Kwenye karatasi spika iliyozibwa inaonekana dhaifu. Chumbani haiko dhaifu hata kidogo.

Nilikosea tena nilipofuata ushauri unaosikika kila mahali: vuta spika mbali na ukuta. Nikazivuta hadi uso wa spika ukawa sentimita 60 kutoka ukuta wa nyuma yake. Besi ikatulia, lakini sauti za wanaume zikakonda kama mtu anayeimba na mafua. Sababu ni kwamba besi huzunguka boksi, inagonga ukuta na kurudi imechelewa nusu wimbi, inaikata ile inayotoka mbele. Ukitaka kujua inakata wapi, gawa 343 kwa umbali huo mara nne: 343 kwa 2.4 ni karibu 143 Hz, palepale penye unene wa sauti ya mwanaume. Kuliondoa shimo hilo la sauti iliyokatwa kwa kuvuta zaidi kunahitaji nafasi ambayo mimi na wewe hatuna. Kwetu sisi ni afadhali spika ndogo iliyozibwa, karibu kabisa na ukuta. Uso ukiwa sentimita 25 tu, shimo linapanda hadi karibu 343 Hz, ambako spika imeanza kuelekeza sauti mbele na kinachorudi ni kidogo.

Kuna mfano wa zamani unaofaa hapa. BBC walipohitaji spika ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo ya nje, ambako nafasi ni finyu kuliko chumba chako, miaka ya 1970 walitengeneza LS3/5A. Boksi limezibwa, lina ujazo wa takriban lita 5, wufa ni ya inchi 5, na urefu wake ni sentimita 30 tu. Haijui kutikisa madirisha na haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini mtu akiongea, unamsikia mtu. Mpaka leo kuna watu wanaitafuta kwa udi na uvumba. Mimi sina; niliyonayo ni ya ukubwa huo tu.

Kuhusu namba za kwenye karatasi ya maelezo ya spika, angalia mbili tatu halafu funga. Wakiandika "hadi 45 Hz" bila kusema ni ndani ya desibeli ngapi, hapo hujaambiwa kitu. Tafuta iliyoandikwa kwa kuzidi au kupungua desibeli 3. Kwenye uwezo wa kuitikia, yaani spika inapiga juu kiasi gani ikipewa umeme fulani, kipimo cha kawaida ni volti 2.83 kwa umbali wa mita 1. Volti hizo kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme) ni wati 1, lakini kwa ya omu 4 ni wati 2, kwa hiyo spika ya omu 4 huonekana ina kelele zaidi kumbe imelishwa mara mbili. Wati zisikunyime usingizi. Utakaa mita 2 au pungufu, na kila ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Amplifaya ya wati 40 zilizo safi inakutosha na chenji inabaki.

Ukienda kusikiliza, linganisha kwa sauti sawa. Hili limeniumbua. Nilikuwa na jozi mbili nyumbani, nikaapa kwamba ya kwanza ina uwazi zaidi. Mdogo wangu akatundika pazia mbele, akasawazisha kwa programu ya simu inayopima desibeli, akawa anabadilisha bila kunijulisha. Nikachagua ya pili mara nne kati ya tano. Ile ya kwanza ilikuwa inapiga juu kidogo tu, na sikio hupenda kinachopiga juu. Beba nyimbo unazozijua hadi pumzi za mwimbaji, na usiache kuweka rekodi ya mtu anayeongea tu. Kinanda kinaweza kukudanganya, sauti ya binadamu haikudanganyi.

Ukishazipata, hakikisha twita, ile koni ndogo ya sauti nyembamba, iko usawa wa sikio ukiwa umekaa. Zikiwa rafuni, sogeza uso wa spika ulingane na ukingo wa rafu. Ukiacha ubao mbele, sauti inagonga ubao kwanza ndiyo ije kwako. Umbali kati ya spika na spika ukaribiane na umbali kutoka spika hadi kwako. Kisha piga makofi mara moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio wa kutetereka kama bati limeguswa, kuta zako ziko uchi, tafuta zulia na pazia zito kabla ya kulaumu spika. Mwenzako ateleze kioo ukutani wewe ukiwa kitini: pale unapoiona twita ndipo pa kuning'iniza kitambaa kizito.

Na nyaya, tafadhali, ziangalie mara mbili. Nilikaa karibu mwezi mzima spika moja nimeigeuza, nyekundu kwenye nyeusi. Mwimbaji hakai katikati, yupo kila kona na hayupo popote, na besi imekimbia. Nilikuwa nimeanza kulaumu spika mpya. Ukiweka rekodi ya mono, yaani spika zote mbili zinatoa sauti ileile, na sauti haisimami katikati kabisa, nenda nyuma ya spika na tochi.

Sabufa? Sio sasa. Itakuja kuchochea ile 49 Hz uliyohangaika kuituliza. Kaa miezi miwili bila hiyo. Ukiona bado unaihitaji, chukua iliyozibwa, ianzie 80 Hz kushuka, na uitafutie mahali kwa kuiweka kwenye kiti chako, kisha utembee kwa magoti kando ya kuta mpaka ufike pale ambapo noti zote zinalingana. Hapo ndipo itakapokaa. Funga mlango kwanza, maana mimi nilifumaniwa nikiwa chini ya meza na hakuna aliyeamini maelezo yangu.

Hujataja urefu wa dari wala kiti chako kiko umbali gani na ukuta. Pima ulete hapa, tuhesabu pamoja kabla hujatoa hela.