Faiawoli ya nyumbani: anza na ruta
Ndugu, kabla hujanunua kifaa cha faiawoli (kichujio cha mawasiliano ya intaneti) kulinda simu na runinga za familia, ingia kwanza kwenye mipangilio ya ruta uliyonayo (kifaa kinachosambaza Wi-Fi). Ruta nyingi tayari huzuia miunganisho inayoingia kutoka nje ambayo hamkuiomba. Badili nywila ya msimamizi, sasisha programu yake, zima UPnP (huruhusu vifaa kujifungulia njia kwenye ruta) na usimamizi wa mbali. Runinga na kamera (hizo ndizo hunitia wasiwasi zaidi) zipe Wi-Fi ya wageni. Kwa watoto weka DNS (huduma inayotafuta anwani za tovuti) 1.1.1.3 na 1.0.0.3, huzuia tovuti hasidi na za ngono. Ukinunua bado, usiamini kasi iliyoandikwa kwenye boksi: uliza kasi yake ukaguzi wa data inayopita ukiwa umewashwa, na masasisho yatatolewa hadi lini. Simu ikitumia bando haipiti kwenye ruta wala faiawoli hiyo kabisa, kwa hiyo washa vidhibiti vya wazazi kwenye simu yenyewe.