Maswali na Majibu: Nichague ubingwa ninaoupenda, unaoniachia nafasi ya familia, au wenye kipato?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nilimaliza utarajali mwaka juzi na sasa nimeajiriwa katika hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa. Nina mtoto wa mwaka mmoja, mume wangu ni mwalimu wa sekondari katika wilaya hii, na wadogo zangu wawili wananitegemea kwa ada. Moyo wangu uko kwenye upasuaji. Karibu kila wiki ninawafanyia kina mama upasuaji wa kujifungua na ninaifurahia kazi hiyo. Wenzangu wananiambia upasuaji utaivuruga familia yangu, na kwamba nisome radiolojia (kusoma picha za X-ray na CT scan), ganzi na usingizi (kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji) au magonjwa ya ngozi, ambako daktari analala usiku na kipato ni kizuri. Nitumie kipimo gani?

JIBU: Marahaba, daktari mwenzangu. Nianze na ushauri wa wenzako, kwa kuwa una asili yake. Nchini Marekani fani za radiolojia, macho, usingizi na ngozi zimehesabiwa kwa miaka mingi kuwa ndizo zenye saa zinazopangika na malipo makubwa, na huko bingwa wa mifupa hupata kwa wastani zaidi ya mara mbili ya kipato cha bingwa wa watoto. Hapa Tanzania mwajiri mkuu wa mabingwa ni serikali, nayo hulipa kwa ngazi ya mshahara ya watumishi wa afya, yaani TGHS, bila kuangalia fani. Bingwa wa watoto na bingwa wa upasuaji walioajiriwa siku moja kwa cheo kimoja huanza na mshahara uleule. Tofauti huja baadaye, kutokana na posho za kuitwa kazini, kliniki za kulipia baada ya saa za kazi, hospitali binafsi, na bima inayolipa kwa kila huduma iliyotolewa. Vyanzo hivyo vyote hutegemea zaidi kituo ulichopo kuliko jina la ubingwa wako.

Saa za kazi nazo ni hivyohivyo. Mimi ni bingwa wa ganzi na usingizi, fani ambayo wenzako wameitaja kuwa ya mapumziko, na naomba uniamini kuhusu jambo hili. Katika hospitali ya rufaa ya mkoa yenye mabingwa wachache, mama anayevuja damu humwita bingwa wa uzazi, utumbo uliojisokota humwita bingwa wa upasuaji, na mfupa uliotoboa ngozi humwita bingwa wa mifupa. Lakini wote watatu humhitaji mtu yuleyule wa usingizi, ambaye kwa sababu hiyo huamshwa mara nyingi kuliko yeyote kati yao. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu kituo chochote ni hili: mabingwa wangapi wa fani hii wanagawana zamu za usiku? Wakiwa wawili, kila mmoja yuko zamu usiku kumi na tano kwa mwezi, na wakiwa sita, usiku tano. Namba hiyo itaathiri malezi ya mtoto wako kuliko jina la fani litakaloandikwa kwenye cheti.

Radiolojia inastahili neno la ziada, kwa kuwa imebadilika. Fedha za mkopo wa UVIKO-19 wa mwaka 2021 zilizipatia hospitali za rufaa za mikoa mashine za CT scan, na majeruhi wa bodaboda ambaye zamani angesubiri kusafirishwa sasa hupimwa kichwa usiku uleule, na picha yake humhitaji bingwa wa kuisoma. Nafuu ya kweli ya fani hiyo ni kwamba picha inaweza kutumwa na kusomwa kutoka mbali, jambo lisilowezekana kwa kisu wala kwa usingizi. Magonjwa ya ngozi ndiyo yenye usiku tulivu kweli, na kituo cha kanda cha mafunzo ya fani hiyo kiko Moshi, katika hospitali ya rufaa ya KCMC, tangu 1992. Hata hivyo kliniki ya ngozi katika nchi yetu ni ukoma, ni saratani za ngozi kwa watu wenye ualbino, ni vidonda vya miaka mingi, na wagonjwa hao huwa ni wengi mno kwa daktari aliyeingia humo ili tu alale usiku.

Sasa nije kwenye unachokipenda, kwa maana naona hapa ndipo swali lako linapohitaji kazi zaidi. Umeandika kwamba moyo wako uko kwenye upasuaji, lakini mfano uliotoa ni wa fani nyingine. Upasuaji wa kujifungua ni wa bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, ambaye pia huishi na kifafa cha mimba, wodi ya wazazi isiyofungwa, na vikao vya kujadili vifo vitokanavyo na uzazi. Bingwa wa upasuaji wa jumla, kwa upande wake, hutumia siku zake za kawaida kwa ngiri, mabusha, kidole tumbo, utumbo ulioziba, uvimbe wa matiti na wa shingo, na vidonda vya kisukari vinavyosafishwa wiki baada ya wiki na pengine kuishia kukatwa mguu. Ni kazi mbili tofauti, na sijajua kutokana na barua yako ni ipi unayoipenda. Inawezekana unachokifurahia ni ile dakika mtoto anapolia. Hilo ni jema, na lina ubingwa wake.

Mimi husimama upande wa kichwa cha mgonjwa, nami nimewatazama madaktari wengi wakijifunza kupasua. Karibu kila kijana hupenda kushika kisu mwanzoni, maana ni kitu kipya na matokeo yake yanaonekana papo hapo. Wanaodumu ni wale wanaorudi wodini jioni bila kuitwa, kumtazama mgonjwa ambaye mshono wake umeanza kutoa usaha, wakakaa naye na kuwaeleza ndugu zake kilichotokea. Kwa hiyo jipime kwa mgonjwa aliyepata matatizo, usijipime kwa upasuaji uliokwenda vizuri. Omba ruhusa ukakae wiki mbili katika hospitali ya rufaa ya mkoa, na muda mwingi uwe kwenye kliniki ya upasuaji, raundi za wodini na zamu za usiku. Chumba cha upasuaji unakijua tayari. Kisha fanya vivyo hivyo kwa uzazi. Fani ambayo kazi yake ya Jumanne ya kawaida haikuchoshi roho ndiyo utakayoifanya vizuri ukiwa na miaka hamsini.

Kuhusu familia, angalia pia jiografia. Upasuaji wa jumla, uzazi, watoto na magonjwa ya ndani huhitajika katika kila mkoa, na mkiwa mume na mke watumishi wa umma mnaweza kuomba vituo vya karibu. Ubingwa bobezi, yaani ule wa eneo moja finyu, kwa mfano upasuaji wa moyo au wa ubongo, hufanyika katika hospitali chache kubwa kama za Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Moshi, na anayeuchagua amechagua na mji wa kuishi. Jambo hilo mzungumze na mume wako sasa, kabla ya maombi.

Kwa fedha, nakushauri uweke kiwango cha chini ambacho nyumba yako haiwezi kwenda chini yake, ukihesabu ada za wadogo zako na asilimia 15 ya mshahara inayokatwa na Bodi ya Mikopo kama bado unadaiwa. Kisha upime kiwango hicho dhidi ya miaka ya masomo, kwa sababu ndipo kubanwa kulipo. Shahada ya uzamili ya udaktari bingwa huchukua miaka mitatu au minne kutegemea chuo na fani. Mtumishi aliyeruhusiwa na mwajiri huendelea kupokea mshahara, lakini hukosa posho za zamu na kazi za ziada za hospitali binafsi, huku akipanga nyumba katika jiji la gharama. Ukishahitimu, bingwa wa fani yoyote kati ya ulizozitaja atavuka kiwango chako cha chini, kwa hiyo sioni sababu ya kuacha unachokiweza kwa ajili ya tofauti ya kipato inayokuja baada ya hapo.

Kwa upasuaji ipo njia ya pili, nayo ni Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao yake Arusha. Hapo unajifunza ukiwa mwajiriwa katika hospitali iliyoidhinishwa, miaka miwili ya hatua ya kwanza iitwayo uanachama na mitatu ya ubingwa, na kwa familia yenye mtoto mdogo faida yake ni kwamba unabaki kazini. Hasara yake ni urefu, na kwamba zamu hazipungui.

Nikipima uliyoandika, sioni sababu ya kwenda radiolojia au ngozi, kwa maana hujataja hata mgonjwa mmoja wa fani hizo aliyekuvutia. Naona mshindani halisi wa upasuaji ni uzazi, na wiki hizo mbili mbili zitaamua. Wakati huohuo mwone afisa utumishi wako, uhakikishe umethibitishwa kazini na jina lako limeingizwa kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri kabla bajeti haijafungwa, kwa kuwa bila hilo hata ukipata nafasi chuoni ruhusa ya kwenda masomoni na mshahara inaweza kukwama. Ufadhili wa Wizara ya Afya nao uombe mapema, na mkataba wake usome wote, hasa kifungu kinachotaja miaka utakayopaswa kutumikia baada ya kuhitimu na mahali utakapopangiwa.