Waya wa jenereta na chenjiova: kipande kifupi ndicho cha hatari

SWALI: Shikamoo mhandisi. Niko Kibaha. Nimenunua jenereta ya petroli ya kVA 5.5, itakaa kwenye kibanda mita 30 kutoka ilipo mita ya LUKU. Umeme wa TANESCO unaingia ndani kwa waya wa 16 (milimita za mraba), na breka kuu kwenye boksi la mita ni ya ampea 63. Fundi ameleta chenjiova (swichi ya kuchagua kati ya TANESCO na jenereta) ya ampea 32 na anataka kufunga waya wa 4 pande zote. Anasema jenereta ni ndogo, haina nguvu ya kuunguza waya huo. Nimruhusu aendelee?

JIBU: Marahaba. Mwambie asubiri kwanza, maana hoja yake ni ya kweli kwa upande mmoja tu wa swichi.

Chenjiova ina sehemu tatu za kufungia waya: unapoingia wa TANESCO, unapoingia wa jenereta, na unapotoka kwenda meini swichi, yaani swichi kuu ya nyumba. Kipande hicho cha tatu mara nyingi hakifiki hata mita moja, na ndicho kinachonitia hofu. Jenereta ikiwaka, kitabeba ampea 24 tu (volti-ampea 5,500 ukigawanya kwa volti 230). Lakini TANESCO wakirudisha umeme, kipande hichohicho kinabeba chochote nyumba inachovuta, na breka ya 63 haioni tatizo lolote. Waya wa 4 wa shaba ndani ya paipu ya ukutani unahimili takriban ampea 32, hewa ikiwa nyuzi 30. Sasa washa kwa pamoja hita ya kuogea ya kilowati 5.5, jiko la kilowati 3 na pasi ya kilowati 1.5. Hizo ni ampea 43. Breka imetulia, waya unapikwa ndani ya ukuta, wala hakuna wa kukuarifu.

Kwa hiyo mzigo usizidi breka, na breka isizidi uwezo wa waya inaoulinda. Ukubwa wa jenereta hauingii kabisa kwenye hesabu ya kipande cha kutokea. Kiwe cha 16, sawa na kile kinachotoka kwenye mita. Na chenjiova ya 32 irudishwe dukani. Chukua ya 63 au zaidi, inayokata fezi (waya wenye moto) na nyutro (waya wa kurudishia umeme) kwa pamoja, yenye sifuri katikati, yaani nafasi ya kuzima pande zote mbili, ili umeme wa jenereta usipate njia yoyote ya kurudi kwenye nguzo. Ukirudi huko, transfoma ya mtaani inaupandisha hadi maelfu ya volti, na aliye juu ya nguzo anaamini laini imezimwa.

Upande wa jenereta ndipo fundi wako yuko karibu na ukweli. Weka breka ya ampea 25 kwenye kibanda, mwanzo wa waya. Waya wa 4 ungetosha ikiwa paipu inapita mahali pa baridi, ila mafundi wengi huipitisha juu ya dari, chini ya mabati. Mchana wa Pwani humo hufika nyuzi 50 bila shida, na kwa joto hilo waya wa PVC hubaki na asilimia 71 tu ya uwezo wake: wa 4 unashuka hadi ampea 22 na ushee, chini ya breka. Wa 6 unabaki na 29. Halafu kuna umbali. Kwa mita 30 na mzigo kamili, wa 4 unapoteza karibu volti 8, wa 6 kama volti 5. Kama una pampu ya maji utaona tofauti, kwa sababu mota inapoanza kuzunguka huvuta mara nne hadi sita ya ampea zake za kawaida. Mimi ningefunga wa 6 bila kujiuliza mara mbili.

Kabla ya kulipia waya huo, kata ncha na uikwangue kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, na hesabu zote nilizokupa hazifanyi kazi kwake.

Swali la kumuuliza fundi kuhusu athi, yaani muungano na ardhi: nyutro ya jenereta imeungwa na ardhi? Jenereta nyingi ndogo hutoka kiwandani haijaungwa, na chenjiova inapokata nyutro ya TANESCO, kile kifaa cha kukulinda usipigwe na shoti kinaweza kushindwa kukata. Inatakiwa athi rodi (fimbo ya chuma inayopigiliwa ardhini) kwenye kibanda, nyutro iungwe hapo, kisha apime. Kazi hii mpe mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na uombe kuiona leseni yenyewe.

Waya wa 16 una nyuzi nyingi, hivyo ubanwe kwa lagi (kichwa cha chuma kinachobana ncha ya waya), usisokomezwe hivihivi kwenye skrubu. Baada ya wiki chache za matumizi, fundi azime pande zote mbili na akaze tena skrubu zote. Kabla ya hapo, ukisikia karibu na swichi harufu kama ya samaki aliyeanza kuoza, usitafute samaki: ni plastiki inayoungua kwenye kiungo kilicholegea. Zima breka kuu na jenereta, umwite siku hiyohiyo.